Barua ya wazi kutoka kwa mweka hazina wa kufa na kuzikana

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya,
Kwa wakurugenzi wa halmashauri zetu na madiwani wao,

Waheshimiwa, shikamooni.

Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha kufa na kuzikana hapa Mwembesongo, Morogoro. Tuko kaya 64. Kazi hii naifanya mwaka wa tisa sasa, bila malipo. Nilichaguliwa kwa sababu mwandiko wangu unasomeka na kwa sababu siku ya uchaguzi sikuwepo kujitetea. Nyumbani nina kaunta buku tatu zimejaa majina na tarakimu, na ya nne imefika katikati. Barua hii inatoka humo.

Katiba yetu ina kurasa nne. Inasema mwanachama akifariki, kikundi kitoe shilingi 300,000 siku hiyohiyo, kigharamie sanda au jeneza, turubai, viti na gari la kwenda makaburini. Akifiwa na mzazi au mtoto, 150,000. Kila kaya hutoa buku kwa wiki, Jumapili, na anayechelewa mara tatu anaitwa mbele. Nilipoisoma katiba yote kwa mara ya kwanza nilitafuta neno "kuugua" nikalikosa. Wazee wetu walikubaliana namna ya kuzikana, wakaacha habari ya kuuguzana iende kwa huruma tu.

Kwa hiyo mtu akiugua, tunapita na daftari.

Mwaka 2021 kijana wetu wa bodaboda aligongwa karibu na Msamvu, paja likavunjika. Kutoka hapa akapelekwa Dar es Salaam, akalazwa mguu umening'inizwa na uzito akisubiri kuwekewa chuma. Bima hakuwa nayo. Pikipiki yenyewe ilikuwa ya mkataba, na mwenye nayo alikuja kuichukua kabla mgonjwa hajatoka wodini. Bili ikasomwa: 1,870,000. Tukapita nyumba kwa nyumba. Kijiwe chake kikatoa buku tano kila dereva. Msikiti ukachangisha baada ya Ijumaa, kanisa likachangisha Jumapili, kundi la WhatsApp likawa linapiga kelele mpaka usiku na ile orodha yenye alama za vema mbele ya majina. Siku tisa tukapata 1,146,500. Nimeiandika hadi ile miatano ya mwisho, iliyotolewa na mtoto wa darasa la tatu.

Daktari alimruhusu siku ya kumi. Akabaki wodini siku nyingine 11, mzima kiasi cha kukaa kitako, kwa sababu bili ilikuwa haijaisha. Na kitanda kilikuwa kinaendelea kuhesabiwa, elfu kumi kila siku. Yaani tulipokuwa tunatafuta laki saba, deni lilikuwa linatembea mbele yetu kama mtu aliyetuona akaongeza mwendo.

Tukaelekezwa ofisi ya ustawi wa jamii palepale hospitalini. Dada tuliyemkuta alikuwa mwema, nampa haki yake. Lakini nje ya mlango wake palikuwa na benchi mbili za watu, na yeye alikuwa peke yake. Akataka barua ya mtendaji wa mtaa yenye mhuri, inayothibitisha kwamba mgonjwa hana uwezo. Mtendaji yuko Morogoro. Mtu akapanda basi kuja kuchukua karatasi moja, akakuta mtendaji yuko kwenye kikao, akalala, akarudi kesho yake. Mwishowe wakatusamehe laki nne. Zilizobaki, 433,500, tulizilipa kidogokidogo kwa miezi saba, na kila mwezi niliyekwenda kutuma ni mimi.

Jina la hospitali silitaji. Nimezunguka zaidi ya moja na hadithi ni hiyohiyo, na wauguzi wengi niliowakuta walikuwa wanabeba kazi ya watu watatu.

Sasa niwaambie jambo ambalo watu wengi wanaosifia umoja wa Watanzania katika michango hawalioni, kwa kuwa wao hawashiki daftari. Mchango hauangalii ugonjwa. Unaangalia mtu. Mwaka mmoja tulikuwa na mwanakwaya aliyehitaji upasuaji. Ni mama anayejulikana, kila harusi yupo, kila msiba anapika. Siku nne zilimtosha kupata 2,310,000, na nyingine tukarudisha. Miezi michache baadaye akaugua fundi ujenzi aliyekuwa amepanga chumba kwa mzee wa kona. Mgeni, mtu wa maneno machache, Jumamosi zake anazimalizia kilabuni. Tulipita wiki mbili. Ukurasa wake unasoma 87,500.

Hakuna aliyemchukia. Hakuna aliyemjua, basi. Yule fundi aliposikia bili ilipofika, usiku mmoja alivaa shati lake akaondoka wodini. Huko anaitwa mtoro. Alirudi kwenye chumba chake na mrija bado uko mkononi umefungwa plasta, akafa siku ya kumi na moja. Kwa kuwa mwenye nyumba wake ni mwanachama, kikao kilikubali tumzike kwa fedha za kikundi. Jioni hiyohiyo turubai lilikuwa limesimama, viti 100, wali na maharage, gari. Tulitumia zaidi ya laki tatu kwa mtu ambaye tulishindwa kumpa laki moja akiwa anapumua. Niliandika matumizi yale, nikapiga mstari, nikakaa na kalamu muda mrefu.

Kuna jingine, la picha. Siku hizi mgonjwa asipopigwa picha hachangiwi. Mtu mzima, baba wa watoto wakubwa, anafunuliwa kidonda, anapigwa picha, picha inakwenda kwenye makundi 20 na namba ya simu chini yake. Wakwe zake wanaiona. Wanafunzi aliowafundisha wanaiona. Akipona anatembea mtaani na watu wanajua paja lake lilivyo. Nimewahi kuwazuia vijana wasipige, na siku ile mchango ulikuwa mdogo. Sijui kama nilifanya vyema.

Mtasema: si mkate bima? Haya, tuzungumze bima.

Mama wa maandazi wa mtaa wetu alikata kadi ya kaya. Aliiweka kwenye mfuko wa nailoni pamoja na cheti cha ubatizo. Kwa malaria ya watoto na presha ya mama yake ilimsaidia, hilo nalishuhudia. Kisha yeye mwenyewe akaonekana na uvimbe, akapewa rufaa mpaka hospitali kubwa. Pale dirishani kadi ikarudishwa kwake juu ya kaunta kwa kidole kimoja: "Mama, hii huku haisomi." Alidhani mashine imeharibika. Akasubiri itengenezwe! Alikaa kwenye benchi mpaka saa nane mchana, ndipo mtu mwingine akamweleza kwamba mashine ni nzima.

Ninyi mnajua kwa nini haikusoma, na mimi nimejifunza baadaye. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, kwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita huku mikoani, huduma zake zilikuwa zinaishia hospitali ya mkoa. Ukivuka hapo ulikuwa peke yako. Zahanati ndiko tunakougua mafua. Huko juu ndiko tunakouza viwanja. Bima inayokuachia mkono pale ambapo bili inaanza kuwa kubwa inafanana na mwavuli unaojifunga mvua ikichachamaa. Na mama yule hakuwaeleza majirani habari ya ngazi za rufaa. Aliwaambia kitu kimoja: kadi haisomi. Mwaka uliofuata kaya tisa katika kikundi chetu hazikuhuisha kadi zao. Nilizihesabu.

Upande wa pili nao nimeusikia. Mlipositisha Toto Afya Kadi mwaka 2023, ile ya 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, mlieleza kwamba wazazi wengi walikuwa wanakuja kuandikisha mtoto akiwa tayari anaumwa, na mfuko ukalemewa. Nilikasirika kama wengine, maana mjukuu wangu alikuwa nayo. Lakini kama mweka hazina nilielewa. Kikundi ambacho watu wanajiunga siku ya msiba hakimalizi mwaka. Sisi wenyewe tuna kifungu: mwanachama mpya hapewi kitu mpaka miezi mitatu ipite. Kwa hiyo hesabu yenu siibishii. Ninachobisha ni dawa mliyoichagua.

Tazameni mwalimu wa shule ya msingi hapa jirani. Kila mwezi anakatwa asilimia 3 ya mshahara, mwajiri wake anaongeza asilimia 3, na hajawahi kuamka asubuhi akatafuta fedha ya bima. Anakatwa akiwa mzima, anakatwa kidogo, anakatwa pamoja na walimu wenzake wote, wagonjwa kwa wazima. Ndiyo maana mfuko wa watumishi ulisimama imara. Sasa muuza maandazi mnamtaka alete fedha ya mwaka mzima kwa mkupuo mmoja, peke yake, kwa hiari yake, mwezi ambao pengine ada ya shule nayo inadaiwa. Tuseme ni laki na nusu: kwa siku moja hana. Lakini miatano kwa siku anayo, na kwa siku 300 za kazi hiyo ni laki na nusu kamili. Hata ile 30,000 ya kaya nzima, ukiigawa kwa wiki 52, haifiki 600. Kwangu analeta buku kila Jumapili, mvua au jua, tena kwa ajili ya kufa.

Hoja yangu ndiyo hiyo, waheshimiwa, na kama mna nafasi ya kubeba jambo moja tu kutoka kwenye barua hii, bebeni hili: tuandikisheni kwa vikundi. Sisi tayari tuko pamoja, wazima na wagonjwa, wazee na vijana, hatukukusanywa na ugonjwa. Tunachanga kila wiki. Tunajuana, kwa hiyo mtu hawezi kumwingiza shemeji yake wa Kilosa akasema ni mtoto wake. Ule ujanja mnaouogopa, wa kujiunga ukishaugua, kwetu hauwezekani, kwa sababu kikundi kinaingia chote au hakiingii. Tupeni namba moja ya malipo kwa kikundi, tulipe kila wiki au kila mwezi, na kadi ziwe hai kadiri tunavyolipa. Wakulima wa Mvomero na Kilosa wao wanajua msimu, walipe wakivuna.

Wala si wazo jipya. Mliwahi kuwa na mpango ulioitwa KIKOA, wa vikundi vya wajasiriamali, 76,800 kwa mwanachama kwa mwaka. Kwa wiki hiyo ni chini ya 1,500. Na kabla ya hapo, katikati ya miaka ya 1990, Mfuko wa Afya ya Jamii ulipoanza kujaribiwa Igunga, Tabora, kulikuwa na kitu walichokiita tele kwa tele: wananchi wakichanga shilingi, serikali inaweka shilingi nyingine juu yake. Tele kwa tele! Sijui nani alilitunga jina lile, ila alikuwa anatujua. Hakuna kitu kinachomfanya mtu wa Mwembesongo atoe buku yake haraka kama kusikia kwamba na mwingine anaweka buku.

Na msiseme vikundi ni vigumu kuvitambua. Halmashauri zenu zinavitambua vizuri sana vinapoomba ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato yao ya ndani. Hapo tunatakiwa katiba, muhtasari, akaunti ya benki, picha za viongozi, barua ya mtendaji; afisa maendeleo ya jamii anakuja mpaka uwanjani kutuhesabu vichwa. Vikoba, vile vikundi vya kuweka na kukopa, navyo karibu vyote vina mfuko wa jamii, ule unaowekwa kando ya hisa kwa ajili ya shida za wanachama. Fedha ipo njiani, inatembea kila Jumapili kutoka kwenye kanga kwenda kwenye sanduku la kufuli tatu. Haijapata tu mlango wa kuingilia kwenu.

Kuhusu asiyeweza kabisa, yule ambaye hata buku ya Jumapili tunamlipia: msamaha wake uamuliwe akiwa mzima. Tangu uchangiaji ulipoingia hospitalini mwaka 1993 kumekuwa na maneno ya kuwasamehe wasiojiweza, na mzee wa miaka 60 asiye na uwezo ana haki hiyo kwenye karatasi. Lakini kuthibitisha umaskini wako ukiwa umelala na dripu, kwa mhuri ulioko kilomita 190, ni adhabu juu ya ugonjwa. TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, wana orodha ya kaya hizo, waliipitisha mbele ya mikutano ya mtaa, tuliikosoa na ikarekebishwa. Itumieni hiyo, iongezeeni waliosahaulika, na mtu apewe kadi kama ya mwenzake. Isiwe na rangi nyingine. Dirishani watu wanajua rangi.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote tunayo tangu 2023. Wizara imekuwa ikisema wenye bima ni takribani asilimia 15 ya Watanzania, na katika sheria hiyo vimetajwa vyanzo vya kuwabebea wasio na uwezo: vinywaji vyenye kaboni, vileo, vipodozi, michezo ya kubahatisha. Yule fundi wetu kilabuni alikuwa mchangiaji mzuri wa vyanzo hivyo. Tunachoomba hapo ni kidogo. Bandikeni. Mimi nikishindwa kusoma mapato na matumizi mbele ya kaya 64 navuliwa uweka hazina siku hiyohiyo. Kila robo mwaka, kwenye ubao wa ofisi ya mtaa, iandikwe kilichokusanywa na waliotibiwa kwacho.

Habari ya kuzuia maiti kwa ajili ya bili siirefushi. Katika kampeni za 2025 nchi iliahidiwa kwamba itakoma. Nasubiri tu kwa sababu ni mimi ninayepigiwa simu usiku.

Wale wa Morogoro mnakumbuka tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipopinduka na kulipuka hapo Msamvu. Zaidi ya watu 100 walikufa, wengi wao vijana, wengi wa bodaboda. Majeruhi walikimbizwa Muhimbili, taifa likaomboleza siku tatu. Kijiwe chetu kilipoteza wanne. Katika siku zile zote sikumbuki kupita na daftari kwa ajili ya bili ya mtu. Nilipita kwa ajili ya rambirambi tu. Miaka miwili baadaye, mita chache kutoka mahali pale, kijana wetu akagongwa peke yake, na daftari likaanza kutembea.

Nimalize na habari ya kwetu. Januari tulifanyia katiba marekebisho. Ilichukua vikao vitatu na ugomvi mmoja. Wazee waliogopa kwamba tukianza kuuguzana fedha ya kuzikana itaisha, na sikuwalaumu, hesabu yao ni ya kweli. Mwishowe tulipatana kwamba katika kila buku, 300 iende kando, kwenye bahasha niliyoiandika "uuguzi". Kwa kaya 64 hiyo ni 19,200 kwa wiki. Haiwezi kuweka chuma kwenye paja la mtu. Lakini ikikaa mwaka mzima, inakaribia milioni moja, na tukipata mahali pa kuilipia pamoja na tele yake, kaya zote zingekuwa na kadi.

Kwa sasa bahasha iko kabatini kwangu, na mke wangu ndiye anayeshika ufunguo. Namba ya malipo ndiyo hatuna.

Tunakutana kila Jumapili saa kumi jioni, chini ya mwembe ulio nyuma ya mashine ya kusaga. Yeyote kati yenu akipita Morogoro, hata kwa treni ya mwendokasi, bajaji itamfikisha. Kiti kitakuwepo. Ila mjue mgeni naye hutoa buku, na jina lake naliandika.

Wenu mtiifu,
Mweka hazina, Mwembesongo